Redio ya Lameki Haikuwa na Betri

Mchana mmoja, akimenya ndizi jikoni, Klaudia alisikia redio ya mumewe ikikohoa sebuleni. Akaenda kuizima, akakuta imeshazimwa. Akafungua mfuniko wa nyuma. Betri hazikuwamo. Zilikuwa nje, zimeanikwa juani kwenye mkeka pamoja na kahawa ili zipate nguvu kidogo, maana ilikuwa miaka ya foleni, na betri mpya zilikuwa adimu dukani kijijini Ijumbi na hata mjini Bukoba.

"Baba Alistidia, kitu hiki kimezeeka mpaka kimepata wazimu," alimwambia mumewe jioni. "Kitupe."

Lameki alicheka. Huyu ni mtu ambaye ukimwambia paa linavuja, anakushauri usogeze kitanda. Redio ile ya mbao aliinunua kwa fedha za kahawa mwaka wa Uhuru, na sasa ilishikiliwa na mpira wa baiskeli, swichi yake msumari. Spika ilipopasuka majuzi, badala ya kukubali yaishe, aliipeleka kwa fundi mmoja wa Kashai, akawekewa spika kuukuu.

"Ya kale ni dhahabu," alisema.

"Dhahabu gani inafungwa kwa mpira wa baiskeli?" Klaudia alichoka kabisa na mwanamume yule.

Kesho yake nyumba nzima ilinuka nywele zilizoungua. Jogoo akapanda juu ya kichuguu, akanyoosha shingo, akafungua mdomo, lakini hakutoa sauti. Sebuleni, redio ikawika.

Klaudia aliingiwa na hofu. Akamwonya Alistidia, binti yao wa pekee, asiimbe karibu na redio. Alistidia ndiye aliyeongoza kwaya ya kanisa lao, na watu walitoka mpaka Kagoma kuja kumsikiliza. Lakini binti hufagia huku akiimba, hajui kufagia kimya. Jumamosi asubuhi alianza wimbo akiwa na ufagio mkononi, na kila ubeti sauti yake ikawa nyembamba zaidi, huku kitambaa cha spika kikiingia na kutoka kama kifua cha mtu aliyelala, na ule ule wimbo ukatokea ndani ya redio, safi, bila kukosea neno, ukaendelea na kuendelea hata baada ya ufagio kuanguka na binti kubaki amejishika koo, machozi yakimtoka, mdomo wazi, kimya.

Wakamwita Kokwijuka, mganga wa pale kijijini. Mama yule aliishia mlangoni, akavuta harufu.

"Spika hii ilitoka wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Fundi alisema ni ya redio ya mzee mmoja," Lameki alijibu akitazama chini. "Alifia nyumbani kwake, peke yake."

"Waitu, jamani, mmejiletea jini. Hana mdomo wake, huazima. Akimaliza sauti moja, hutafuta nyingine. Itupeni ziwani leo. Sauti ya mtoto imeshaliwa, hairudi, lakini mtaokoa zenu."

"Basi nimekubali," Lameki alisema. "Naitupa. Nitanunua mpya."

"Sasa ndiyo unakubali?" Klaudia alimnong'oneza kwa hasira. "Sasa?"

Lameki akanyoosha mkono kuichukua.

"Tata, usinitupe," redio ikamsihi baba kwa sauti ya Alistidia.

Klaudia akaipokonya, akaikumbatia kifuani. "Miaka yote nimekuomba uitupe. Leo ukiigusa, mimi na wewe basi!"

Kokwijuka akatikisa kichwa, akaondoka. Lameki hakujua la kufanya, akafanya lile alilopaswa kufanya zamani: akapanda lori la kahawa kwenda Bukoba kununua redio mpya, akiamini mkewe akiiona atalegea.

Siku ya pili redio ilianza kufifia. Alistidia alikuwa amelala chumbani, amegeukia ukutani. Klaudia alikuwa ameipakata redio sebuleni.

"Mawe," sauti ya binti ikamwita mama yake kutoka mbali, "mawe, naisha."

Klaudia hakungoja kufikiri. Akaweka mdomo kwenye kitambaa cha spika, akaanza kuongea. Akasimulia habari za shamba, akasali, akaita jina la mwanawe, akarudia kuita, na kadiri alivyosikia ile sauti ikipata nguvu ndivyo alivyozidi kuongea, hata alipoanza kuhisi koo lake linakauka, hata alipojua kabisa anachokifanya.

Jioni Lameki akafika na redio mpya kwenye boksi lake, jasho linamtoka, uso umejaa furaha ya mtu aliyekwisha kutubu.

"Hodi! Mama Alistidia, njoo uone! Ile nyingine tuitupe leo leo!"

"Karibu, mume wangu," sauti ya Klaudia ikajibu kutoka sebuleni, safi kabisa. "Umechelewa."

Lameki akainua macho. Klaudia alikuwa amesimama mbele yake mlangoni, amefumba mdomo.