Jina Lake ni Lisandro

Deolinda na wifi yake Zunilda waliuza chipa pamoja kwa miaka sita. Chipa ni mkate wa unga wa muhogo na jibini, na watu wa Barrero, mji mdogo wa Paraguay, hawaianzi siku bila huo. Tanuri lilikuwa la mwajiri wao, Ña Cantalicia, yaani Bibi Cantalicia. Wao walijitwika vikapu, wakapanda mabasi ya kwenda Asunción, wakauza mpaka kituo cha mbele, kisha wakapanda jingine la kurudi.

Zunilda aliposhika mimba, tumbo lake lilijulikana njia nzima.

"Mapacha hao, chipera!" abiria walimtania, wakimwita kwa jina la wauza chipa.

"Mapacha wapi! Chipa zangu hizi, nimezila mwenyewe!" alijibu, na basi zima likaangua kicheko.

Mwezi wa nane wa mimba, mtoto aliacha kucheza tumboni. Deolinda alimtuliza. "Watoto hulala sana wakikaribia kuzaliwa. Ngoja." Wakangoja siku mbili. Walipofika hospitali, moyo wa mtoto ulikuwa umesimama. Zunilda akaanza kutoka damu nyingi, akapelekwa chumba cha upasuaji.

Baadaye muuguzi alitoka na mtoto amefungwa kwenye shuka. Eligio, mume wa Zunilda na kaka yake Deolinda, alikuwa amechuchumaa, uso ukutani.

"Mnataka kumshika?" muuguzi aliuliza. "Tunaweza kumpiga picha. Tuchukue na alama ya nyayo, mama yake akiamka aone."

Deolinda alifunua shuka mara moja. Akaifunika haraka. "Hapana. Mchukue. Wifi yangu akimwona atapata wazimu."

Eligio hakugeuka. Kesho yake mtoto alizikwa, Zunilda akiwa bado hawezi kusimama. Deolinda akaenda nyumbani kwa kaka yake, akakusanya nguo zote za mtoto na kitanda chake, akavigawa. Aliamini anatenda wema.

"Yuko wapi?" Zunilda aliuliza alipoamka vizuri.

"Usiwaze hayo. Wewe bado kijana, utapata mwingine."

Zunilda aligeuka, akatazama ukuta. Hakuuliza tena.

Aliporudi nyumbani, majirani walikuja na maneno yao. "Mungu alihitaji malaika." "Afadhali ameondoka kabla hujamzoea." Kwenye kiwanda cha mbao, wenzake Eligio walimpiga bega. "Jikaze, mtunze mkeo." Hakuna aliyemuuliza yeye anaendeleaje.

Siku mbili baada ya kurudi, Deolinda alimkuta Zunilda ameinama juu ya beseni, blauzi imelowa, anakamua matiti huku analia.

"Maziwa yamekuja," Zunilda alisema. "Hayana habari."

Deolinda alikimbia kumwita Perla, mkunga wa kituo cha afya. Perla alifika, akanawa, akampima Zunilda joto na kutazama mshono.

"Usikamue mpaka yaishe, mama, yatazidi kuja," alisema. "Kamua kidogo tu, maumivu yapungue. Vaa sidiria inayoshika vizuri, weka kitambaa cha maji baridi. Titi likiwa jekundu na la moto, au ukipata homa, au damu ikinuka au ikizidi, njoo siku hiyohiyo. Na ukiona usingizi na chakula vimekukataa kabisa, au moyo unakuambia bora ufe, niite. Usinionee haya."

Kisha akauliza, "Mlimwita nani?"

Hakuna aliyewahi kuuliza.

"Lisandro," Zunilda alisema.

"Pole, mama Lisandro." Perla aligeuka mlangoni, Eligio alikosimama. "Pole, baba Lisandro."

Eligio alikaa chini palepale kizingitini, akalia kwa sauti kama mtoto.

"Sikumwona," Zunilda alisema. "Hata picha sina. Hivi hospitali hawapigi?"

Deolinda alisogea mbele.

"Walitaka kupiga," alisema. "Mimi nilikataa."

"Nani alikupa ruhusa?"

"Nilidhani nakuokoa, wifi."

"Uniokoe na mwanangu?" Zunilda hakupaza sauti. "Toka. Toka nyumbani kwangu."

Perla alimkuta Deolinda nje, kwenye lango.

"Nifanye nini sasa?" Deolinda aliuliza.

"Lile la picha huwezi kulirudisha," Perla alisema. "Usijidanganye. Ila kuanzia leo, uliza kabla hujamfanyia jambo. Mwambie pole, basi. Taja jina la mtoto. Usianze na 'afadhali', wala usimwambie atapata mwingine. Huyu hakuwa kikombe kilichovunjika. Pika, fua, kaa naye akitaka, ondoka akitaka. Na kaka yako naye amefiwa."

"Na zile siku mbili? Mimi ndiye niliyesema tungoje."

"Kama angepona, hakuna ajuaye. Lakini mtoto akipunguza kucheza, mama aende hospitali siku ileile. Hilo waambie wanawake wote unaowajua."

Deolinda aliomba msamaha. Zunilda alifunga mlango. Deolinda akawa anafua nguo, anaacha sufuria ya chakula mlangoni, anaondoka. Jioni alikaa na kaka yake, na kwa mara ya kwanza Eligio alisimulia jinsi lile jeneza lilivyokuwa jepesi mkononi.

Wiki ya pili Ña Cantalicia alimwambia Deolinda, "Zunilda arudi Jumatatu. Mtoto hayupo, anakaa nyumbani kufanya nini?"

"Amezaa, Ña Cantalicia. Tumbo lina mshono, maziwa yanatoka. Na mwanawe amezikwa bila yeye kumwona."

Mama yule aliendelea kukanda unga. "Basi apumzike mpaka apone," alisema. "Na akirudi asianze na mabasi. Abiria watamuuliza mtoto yuko wapi. Atafunga chipa hapa."

Deolinda aliwafundisha wenzake wa kazini waseme nini. Akazunguka kwa madereva na abiria wa kila siku, mmoja mmoja: mtoto alifariki, jina lake Lisandro, msimuulize. Aliwaambia pia kuhusu zile siku mbili, na hakuficha kwamba kosa lilikuwa lake.

Zunilda alirudi kazini baada ya miezi mitatu. Hakuna aliyemkwepa. Kila mmoja alisema, "Pole kwa Lisandro." Alilia, akafuta uso, akafunga chipa. Kwa Deolinda alisema ya kazi tu.

Mwezi ukapita hivyo. Asubuhi moja, wakati wa tereré, kikombe cha majani na maji baridi kikipita mkono kwa mkono, Zunilda alikuja akakaa karibu naye.

"Wewe ulimwona," alisema.

"Nilimwona."

"Sema."

"Nywele nyingi, nyeusi. Kidevu cha Eligio. Kucha ndefu, kama za mtu mzima."

"Masikio je? Ya kwangu?"

Deolinda alitafuta kichwani mwake. "Sikuyatazama, wifi. Nilimfunika haraka mno."

Zunilda alitikisa kichwa polepole, machozi yakishuka. Hakuondoka.

"Basi niambie tena nywele," alisema.

Ña Cantalicia alitokea mlangoni kuwaita. Mabasi yalikuwa yamefika. Akawatazama wawili wale, akachukua kikapu mwenyewe, akaenda barabarani.