Kinachosogeza Msaada

Sanduku la huduma ya kwanza halikuwapo mahali pake.

Kwa gari la mtu mwingine lisingekuwa jambo. Lakini hili lilikuwa gari la dereva wa teksi ambaye wenzake kijiweni walimbatiza jina la Tahadhari, wakidai hata kikombe cha chai hukifunga mkanda kabla ya kukinywa. Kwake kila kitu kilikuwa na makao: sanduku chini ya kiti cha abiria, ambapo mkono wa dereva unafika bila kushuka, kizimamoto kando ya mlango wake, jeki na pembetatu ya kuonya kwenye buti. "Msaada ulio mbali," alizoea kusema, "ni ndugu yake msaada usiokuwepo."

"Mke wangu, umelichukua sanduku?"

"Nilipeleke wapi, nikasukie watu nywele?" alijibu mkewe, ambaye alikuwa msusi na mdomo wake ulikuwa mwepesi kama vidole vyake.

Walilikuta kwenye buti, limesukumwa hadi chini ya tairi la akiba. Tahadhari alicheka, akalirudisha. Asubuhi iliyofuata lilikuwa kwenye buti tena. Milango ilikuwa imefungwa na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Humo ndani mlinuka spiriti ya kusafishia vidonda, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, kama maji ya maua yaliyosahaulika chomboni. Safari hii hakucheka. Alilifunga sanduku kwa waya kwenye mguu wa kiti.

Mchana wa siku hiyo, jua likiwa la utosi, msusi alikuwa anaanika nguo uani, hatua chache kutoka garini. Akasikia krrr. Kimya. Krrr. Alisogea kwenye kioo, kanga mbichi ikimdondokea miguuni, akaona waya umelala sakafuni umenyooka kama uzi mpya, na sanduku likisafiri taratibu kati ya viti, bila mkono, bila kamba, likienda na kutua, likienda na kutua, mpaka likasimama ghafla kama mtu aliyegundua anatazamwa, na kwenye kioo, upande wa ndani, mbele ya uso wake kabisa, ukatanda ukungu wa pumzi.

"Tuliuze hili gari," alimnong'oneza mumewe jioni.

"Tuuze riziki kwa sababu ya kisanduku?" Lakini sauti haikuwa na chumvi. Kizimamoto alikuwa amekiokota juu ya paa la nyumba. Simu yake ilikuwa imeletwa na mtu asiyemjua, aliyeikuta kwenye mtaro wa mtaa wa mbali.

Wakamwita mganga, mama mnene mwenye sauti ya chini. Alifukiza gari lote, akalaza sikio juu ya buti, akakaa hivyo mpaka moshi ukaisha. Aliponyanyuka, midomo ilikuwa imemkauka.

"Ni jini?" msusi aliuliza.

"Ni jini."

"Linataka nini? Tutalipa."

"Lingetaka kitu, ningepatana nalo. Hili halitaki chochote, mwanangu. Linasogeza tu. Kifo kinakuja kwa miguu yake chenyewe; hili linatangulia kufagia njia."

"Basi lifukuze humo garini," alisema Tahadhari.

"Gari halina kosa. Linafuata mtu."

"Mtu yupi?"

Mganga alimtazama mume, akamtazama mke, akashusha macho. "Kesho nitakuja na dawa niliyoiacha nyumbani. Hapo tutajua."

Hakuja. Msusi alipomfuata alikuta kufuli mlangoni. "Ameondoka alfajiri," jirani alimwambia. "Alipanda basi. Nilimuuliza anakwenda wapi, akasema hajui. Alikuwa analia."

Basi wakajua kwamba hata watu linawasogeza.

Tangu hapo hawakuachana. Msusi alifunga saluni. Wakakubaliana gari liuzwe, lakini tairi moja lilikuwa limeisha upepo, na Tahadhari akainama uani kulibadilisha. Aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, akayakagua mara mbili. Yeye msusi alikuwa jikoni anakatakata vitunguu, mlango wazi.

"Nipo hapa," alimwambia kwa sauti.

"Nakusikia, mke wangu."

Kisha msusi akawa barabarani. Hakukumbuka mlango wala njia. Alisimama tu katikati ya mtaa asioujua, kisu mkononi, machozi ya vitunguu bado yakimtiririka, watu wakimpisha kama wanavyompisha kichaa, na alipoelewa akakitupa kisu akaanza kukimbia, akiuliza njia bila kungoja jibu, akikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki nyuma, akiita jina la mumewe, lile la nyumbani ambalo kijiweni hawakulijua, na kila kona aliyoipinda ilikuwa na kona nyingine nyuma yake.

Alipofika mtaani kwao aliwaona majirani nao wakirudi, kila mmoja kutoka upande wake, wote wamechanganyikiwa. Fundi cherehani alikuwa na futikamba shingoni. Mama wa nyumba ya mkabala alikuwa na povu la sabuni mikononi. Mzee wa nyumba ya pili, ambaye miguu ilikuwa imemkataa kwa muda mrefu, alikuja akitambaa kwenye vumbi, akiuliza nani amemtoa kitandani.

Mawe yalikuwa yamepangwa vizuri karibu na geti. Gari lilikuwa limeteleza kwenye jeki, likamwangukia pajani. Hakufa haraka; mchanga wote uliomzunguka ulikuwa umechimbwa kwa vidole. Juu ya ukuta wa ua, mahali alipoweza kupaona, sanduku lilikuwa wazi na bendeji zote zimo, hata karatasi zake hazijachanwa.

Walimzika. Gari lilikwenda kwa wauza vyuma chakavu, likakatwa vipande. Mama mzazi wa msusi akahamia kwake ili asibaki peke yake. Alikuwa mgonjwa wa pumu, na dawa yake hakuiachia. Mchana ilikaa mfukoni, usiku chini ya mto.

Msusi alilia mpaka akachoka, kisha polepole akarudi saluni. Alijiambia kwamba aliyekuwa akifuatwa yuko chini ya udongo, na kwamba jambo hilo, kwa ubaya wake wote, limekwisha. Aliliamini hilo kwa sababu bila kuliamini asingeweza kuamka.

Asubuhi moja alikuwa uani anafua. Aliisikia sauti ya mama yake chumbani, haina haraka, ila tayari imeanza kukatika.

"Mwanangu... ile dawa yangu ya kupuliza... umeiweka wapi?"