Chafya Katika Chumba Kitupu

Chafya ilitoka katika chumba kisichokuwa na mtu.

Mwalimu Kipkemboi akaweka kalamu chini. Ilikuwa saa nane mchana, pale Elburgon, mwaka wa hamsini na sita. Mvua ilipiga mabati, na misumeno ya kiwanda cha mbao ilikuwa imenyamaza. Mkewe Cheptanui, mjamzito wa miezi minane, alikuwa kwa jirani. Mezani palikuwa na daftari la Bwana Thornley, mtafiti Mwingereza aliyemwajiri akusanye mila za ukoo wake mwenyewe. Siku hiyo mwalimu alikuwa akiyasoma kwa sauti majina ya wafu, ahakikishe ameyaandika sawasawa.

Kwao, mtoto akizaliwa, wanawake humwekea ugoro kidogo puani, wakawaita wafu jina kwa jina. Jina atakalolipigia chafya ndilo la mzee aliyerudi ndani yake. Naye Kipkemboi, mwanamume, alikuwa ameita peke yake, pasipo mtoto. Na jina lililokuwa limemtoka mdomoni ni la marehemu baba yake, Arap Busienei.

Chumba kikanuka ugoro.

Angeandika kwamba ni yeye aliyeita na kujibiwa. Lakini Bwana Thornley alikuwa amemfundisha kwamba mwandishi hajitaji: "Wewe ni jicho tu, Kipkemboi." Basi akaandika: *Wenyeji huamini kwamba aliyeitwa hujibu kwa chafya.* Wenyeji! Kana kwamba yeye aliletwa na mvua. Akakana, kama Petro penye moto wa makaa.

"Mwalimu," Cheptanui alimwuliza jioni, kwa sauti ya chini, "nani anapiga chafya humo ndani?"

"Vumbi la mbao."

"Vumbi lina kifua cha mzee?"

Mtoto akazaliwa, wa kiume. Jepkoech, mama yake Kipkemboi, akaja na wanawake wa ukoo, wakaita jina hili na lile, wakaongeza ugoro, wakaita tena, na kitoto kikawa kimya, macho wazi, mwili ukipoa mikononi mwao kama jiwe la mtoni, hata Jepkoech alipofika kwa jina la mumewe, chafya nzito ikatoka, si puani mwa mtoto, bali chini ya kitanda, ndani ya sanduku lililokuwa na daftari.

Jepkoech akatoka nje, akamkabili mwanawe. "Uliita?"

"Nilisoma tu, Mama. Kisha nikaandika kwamba *wenyeji* huamini, basi."

"Ulikuwa umempakata nani?"

"Hapakuwa na mtu."

"Baba yako amekuja, akakuta karatasi! Mfu akiitwa pasipo mwili wa kumpokea hugeuka jini, mwanangu. Na huyu mtoto ni nyumba isiyo na mwenyewe. Aliyeita na ajitaje. Hapo hapo ulipoandika *wenyeji*."

Kipkemboi akalitoa daftari sandukuni, akaandika, akasoma mbele ya wote: "Mimi, Kipkemboi, nilimwita baba yangu nikiwa sina mtoto wa kumpa. Sisi huamini. Mimi ninaamini."

Harufu ya ugoro ikawapita usoni. Kitoto kikapiga chafya, kikalia. Wanawake wakapiga vigelegele, na Cheptanui akacheka huku akilia: "Karibu, mzee! Umechelewa kama kawaida yako!"

Wiki ya tatu Kipkemboi alipeleka daftari Nakuru. Bwana Thornley akasoma, akaupitishia ukurasa ule wino mwekundu.

"Huu si utafiti. Hii ni toba. Nakili upya, bila wewe."

Kipkemboi alijua alichokuwa akiombwa. Alijua pia kwamba Bwana alikuwa amemwahidi jina lake litajwe mwanzoni mwa kitabu, kwa shukrani. Akaketi, akanakili katika daftari jipya kwa mwandiko wake mzuri: *Wenyeji huamini.* Saa ya ukutani ilionyesha saa nane. Akaliacha daftari jipya mezani, lile la zamani akalitia mkobani, akashika njia ya nyumbani.

Wanawake walikuwa wamesimama mlangoni pake, kanga vichwani. Wakampisha aingie. Cheptanui alikuwa ameketi sakafuni na kifurushi mapajani.

"Hakuugua," alisema. "Alikuwa akinyonya. Ilipofika saa nane, akapoa tu." Akainua macho. "Mwalimu, umefanya nini huko?"

Kipkemboi akafungua kinywa, lakini neno *mimi* likakataa kutoka.

Ndipo wote waliokuwamo wakasikia, kutoka ndani ya mkoba uliokuwa begani mwake, chafya mbili: ya kwanza nzito, ya mzee, na ya pili ndogo, ndogo sana, ya mtoto wa wiki tatu.