Aliyebaki Ndani ya Nyumba ya Foni

Miaka ile ya vita, ndugu wengi wa watu wa mji wa Baraka walikuwa ng'ambo ya ziwa, wakimbizi huko Kigoma. Aliyetaka kusema nao alikwenda kwenye nyumba ya foni, ile redio ya kuzungumza na watu wa mbali kwa kupiga kelele. Foni haijui kunong'ona. Kwa hiyo palikuwa na adabu yake: mmoja akizungumza, wengine wote hutoka nje. Hata Norbert, mwenye foni, alikuwa anatoka.

Mtu mmoja tu hakutoka, afisa wa usalama aliyekaa kwenye benchi. Émilienne, mama mmoja wa Baraka aliyekuja foni mara nyingi, alikuwa amemzoea.

"Muntu bila kosa ataogopa nini?" alikuwa akisema.

Asubuhi moja, akilia, alimwita mumewe, Casimir, aliyekuwa Kigoma.

"Baba Néhémie, mimba imetoka. Sina nguvu. Rudia nyumbani!"

"Nitakuya na boti ya kesho, mama."

Kesho yake Casimir alishuka pwani. Alikamatwa kabla miguu haijakauka.

Émilienne alikimbilia bureau, ofisi ya usalama. Yule afisa alimjibu mbele ya watu wote:

"Ulimwambia mimba imetoka. Ni uongo! Ulimwita alete habari za waasi."

Neno lile Émilienne hakumwambia hata mama yake mzazi. Sasa lilikuwa kinywani mwa mwanamume asiye ndugu yake, na watu walimtazama tumbo. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jirani yake Florentine, aliyewahi kufanya kazi mahakamani, alimkuta jikoni amejikunja.

"Mama Néhémie, nani alimupa yule afisa ruhusa ya kusikiliza?"

"Serikali."

"Serikali nayo iko chini ya sheria, dada. Katiba inalinda mazungumzo ya muntu, hata wakati wa vita. Anayetaka kusikiliza, aonyeshe ruhusa ya sheria. Na aliyefungwa lazima afikishwe mbele ya juge, yule hakimu, bila kukawia."

"Juge ataweza kubishana na muntu wa bunduki?"

"Twende tumuulize."

Walipanda lori hadi Uvira, ambako mahakama ilikuwa imefunguliwa tena. Juge alimwita afisa na kumuuliza:

"Amri ya kukuruhusu kusikiliza iko wapi? Nani aliitia sahihi?"

Afisa alipapasa mifuko yake mitupu. Émilienne hakuamini macho yake. Mtu aliyeogopwa na Baraka nzima hakuwa hata na karatasi!

"Basi umeiba maneno ya watu," alisema juge. "Mwachilie Casimir. Na usikae tena ndani ya foni bila amri ya mahakama."

Casimir alirudi nyumbani siku ileile.

Baadaye Émilienne alikwenda kumwita mama yake aliyekuwa Kigoma. Mvua ilinyesha, watu wakajibanza nje ukutani wakingoja zamu. Afisa alikuwa kati yao, amelowa. Naye alikuja kumwita mkewe huko Kalemie.

Émilienne alipomaliza, kabla hajatoka, afisa aliingia kwa zamu yake, akashika redio. Alitazama huku na huku kuona kama kuna mtu anamsikiliza.

Émilienne alitoka nje, akamfungia mlango.