Limepumua, Shemeji

Mkemia wa kiwanda alikutwa ndani ya tangi, amepiga magoti, paji la uso limegusa chuma. Hakuwa na jeraha hata moja. Mfukoni alikuwa na kipande cha waya wa shaba, ncha imeungua.

"Nitrojeni," daktari wa polisi alisema. "Haina harufu. Pumzi mbili, basi."

Inspekta alikuwa mwanamke asiyependa kusikia neno "ajali" kabla hajauliza swali, na msimamizi wa zamu alikuwa ameshalirudia mpaka likachosha.

"Ajali tu, Afande. Huyu ni shemeji yangu, nimemuoa dada yake. Naomba niende nyumbani. Mwanangu yuko hoi, vipele mwili mzima, na hospitali hawajui chanzo."

"Utaenda. Kwanza nieleze kazi yenu."

Akaeleza mbiombio. Mafuta ya transfoma kuukuu yana sumu kwa sababu yamebeba klorini. Hupitishwa tangini pamoja na haidrojeni, juu ya kichocheo, unga mweusi wa paladi. Haidrojeni huing'oa klorini na kutoka nayo ikiwa asidi, na asidi huzimwa kwa magadi. Mafuta hubaki safi, hata mbao unaweza kuzipaka. Mtu akitaka kuingia kukagua kichocheo, tangi hujazwa nitrojeni kufukuza haidrojeni, kisha hupulizwa hewa. Likiwa salama, msimamizi hutamka neno moja: limepumua.

"Leo ulilitamka?"

"Mimi? Nilikuwa getini."

Inspekta akaenda stoo. Magunia ya magadi yalikuwa yamepangwa hadi darini, yamejaa vumbi.

"Zamani tulikuwa tunayamaliza upesi," mpiga pampu alimwambia. "Siku hizi yanalala tu, kama wenyewe tulivyo."

Inspekta hakucheka. Magadi hayaguswi, basi asidi haitoki. Asidi haitoki, basi klorini imo bado. Maabarani, msaidizi alichovya ule waya kwenye mafuta yaliyoandikwa "safi", akauweka motoni.

"Moto ukiwa wa kijani, Afande, klorini ipo."

Moto uligeuka kijani kibichi. Kichocheo kilikuwa kimekufa zamani, na marehemu alikuwa ameshagundua. Inspekta akarudi kwa mpiga pampu.

"Asubuhi ulisikia nini?"

"Niko nyuma ya ukuta, pampu inanguruma. Nilisikia mtu tu: 'Ingia, shemeji, limepumua.'"

"Nani huyo?"

"Sikumwona. Mie sitaki kumtia mtu kitanzi."

Maskini, alikuwa ameshamtia.

Msimamizi aliketishwa ofisini, mlango ukafungwa.

"Hapa kila mtu alimwita marehemu Profesa," Inspekta alisema. "Nani mwingine alikuwa shemeji yake?"

Msimamizi aliutazama mlango uliofungwa.

"Ulimuua kwa ajili ya mafuta?"

"Kwa ajili ya mke wangu." Msimamizi alivua kofia, akaiweka mezani. "Jana shemeji alinionyesha ule moto wa kijani. Akaniuliza, yale mafuta uliyobeba nyumbani uliyafanyia nini? Afande, nilikipaka kitanda cha mwanangu. Kwa mikono yangu hii, ili kisiliwe na mchwa. Akasema leo anachukua unga wa tangini uwe ushahidi, kisha anakwenda kumwambia dada yake kinachomla mtoto. Mke wangu angenitazama kwa jicho gani? Nikajaza nitrojeni. Hewa sikupuliza. Nikamwambia limepumua. Aliniamini."

Inspekta alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamkera. Kisha wazo likamchoma.

"Kitanda kiko wapi?"

"Kipo."

"Na mtoto?"

Msimamizi alitazama sakafu.

"Yumo. Ningekitoa, mama yake angeuliza kwa nini."

Inspekta aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake. Alimnyang'anya simu, akampigia mke wake. Mwanamke alipokea upesi, akidhani ni mumewe.

"Mwanao kalala sasa hivi," alinong'ona kwa furaha. "Usiniamshie."

"Mama, mimi ni polisi. Mwamshe. Mtoe kitandani, mtoe na chumbani. Mengine nakuja kukwambia mwenyewe."