Kibuyu cha Kumwitia Bosi

Felisita alifagia uwanja, akachemsha uji, kisha akatoka kumfundisha mtoto wa mbwa wake, Bosi, kuja anapoitwa. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika kijiji kipya upande wa Shishiyu, ambako watu wote walikuwa wamehamishiwa kwa malori ya serikali mwaka ule wa operesheni ya vijiji. Watoto walioshindwa kushika chaki aliwashika mkono bila kupaza sauti. Lakini Bosi alimtoa jasho.

Na ilikuwa lazima ajifunze. Kichaa cha mbwa kilikuwa kimeingia, na bwana mifugo alitangaza kwamba mbwa yeyote anayezurura bila kumtii mwenyewe atapigwa risasi. Kamba zote za katani Bosi alishazitafuna.

Basi Felisita akamfundisha kama alivyofundisha watoto: ishara ileile, na zawadi papo hapo. Kwenye mizigo ya mama mkwe alikuta kibuyu cha zamani, kimepasuliwa nusu. Akatia ugali na maziwa, akakigonga kwa kijiti. "Bosi! Njoo!"

Bosi alikuja mbio. Katikati ya uwanja akasimama ghafla. Alikuwa akitazama kando ya Felisita, si Felisita mwenyewe. Mkia ukaingia miguuni, akarudi kwenye shamba la pamba.

Ikawa hivyo kila siku. Alibembeleza, akachuchumaa, akaita hadi koo likauma. Bosi alifika katikati tu. Felisita akiweka kibuyu chini ili amfuate Bosi, akigeuka anakikuta kitupu, kimelambwa.

"Kuku hawa nao!" alifoka, ingawa kuku walikuwa bandani.

Balozi wa nyumba kumi, mzee Constantine, alipita akicheka. "Mwalimu, amefeli tena? Kijiji cha ujamaa hakina bosi, ndiyo maana hasikii."

"Pita salama, balozi. Leo sina hamu ya utani."

Jioni moja mama mkwe wake, Milembe, alirudi kutoka kisimani akasikia mlio ule. Ndoo ikamponyoka kichwani.

"Unagonga nini, mayu?" aliuliza, akimwita 'mama' kwa Kisukuma.

"Namwita mbwa, mama."

Milembe akamsogelea, akanong'ona. "Kibuyu hicho tulikigonga kwenye kijumba cha mizimu, kumwita marehemu baba mkwe wako aje ale. Malori yalipokuja hatukupewa nafasi ya kumuaga. Alikuwa hajui tuliko."

"Mbona hukuniambia?"

"Ninyi mliosoma misheni mngecheka. Usikigonge tena."

Kesho yake bunduki ililia upande wa kisima. Ikalia tena, karibu zaidi. Bosi alikuwa ukingoni mwa pamba. Felisita aliita kwa mdomo. Akaita tena. Akapiga magoti akaita. Bosi akakaa tu, akimtazama.

"Mbwa wa nani huyu?" askari aliyetumwa na bwana mifugo aliuliza, akiinua bunduki.

Felisita akakimbia ndani. Akatoka na kibuyu. Milembe alitikisa kichwa, mkono mdomoni.

Akagonga.

Bosi akaja. Safari hii hakusimama. Akampita Felisita, akaketi hatua moja kando yake. Akainua macho juu, kimo cha mtu mrefu. Hapakuwa na mtu. Manyoya ya kichwani mwake yakalala. Yakainuka. Yakalala tena, kama yanapapaswa.

"Sawa," askari alisema, akishusha bunduki. "Anamtii mwenyewe."

Asubuhi iliyofuata walimkuta Bosi amelala mlangoni, ukanda mrefu wa ngozi shingoni. Ngozi ilikuwa mbichi, bado ina manyoya, na kijijini hakuna aliyekuwa amechinja. Milembe aliinama akalitazama fundo kwa muda mrefu.

"Ndivyo marehemu alivyowafunga ndama wake," alisema polepole, "akitaka kuwarudisha nyumbani."

Felisita aliufuata ukanda kwa macho hadi ulikoishia mchangani. Huko mwisho kulikuwa na kitanzi kingine, kipana kiasi cha mkono wa mwanamke. Hicho kilikuwa bado hakijakazwa.