Swali la Kitinda Maktabani

Kitinda alipika, akapakua, akaweka sahani mbili mezani. Baba yake alikuwa amekaa karibu na dirisha. Redio ilinguruma mpaka vikombe vikatetemeka kabatini.

"Baba, punguza kidogo," alisema Kitinda.

Baba hakugeuka.

"Baba! Redio!"

"Mbona unanifokea?" baba aling'aka. "Mimi si mtoto."

Walikula bila neno, kila mtu na sahani yake.

Aliitwa Kitinda kwa sababu alikuwa kitinda mimba. Kaka na dada zake walikuwa na familia zao, mbali. Mama yao alishafariki. Nyumba ambamo zamani watu walibanana, sasa ilikuwa na watu wawili tu. Baba alikuwa amechomelea vyuma maisha yake yote, na watu walimwita Fundi Cheche. Zamani alikuwa mcheshi kweli. Tangu astaafu, masikio yalizidi kupungua nguvu, na maneno yake nayo yakapungua. Kitinda aliamini kuwa baba amemchoka.

Chuoni, ambako alisomea ustawi wa jamii, mambo yalikuwa yaleyale. Wenzake walikuwa wadogo kwake. Walimtania kwa kumwita "Shangazi", kisha wakaondoka kwa makundi wakicheka. Yeye alibaki kwenye benchi la korido, akijifanya ana shughuli kwenye simu.

Siku moja mhadhiri aliwapa kazi ya kuandika insha ya utafiti kuhusu matatizo ya wazee. Kitinda hakujua aanzie wapi, wala hakuwa na wa kumuuliza. Alifungua simu, akachukua kipande hapa na kipande pale, akaviunganisha.

Mhadhiri alimwita ofisini.

"Dada, haya si maneno yako. Aya hii nimeikuta kwenye mtandao. Na hii pia. Kuchukua maandishi ya mtu bila kumtaja ni wizi."

"Samahani, mwalimu. Sikujua."

"Nakuamini. Andika upya, ulete mwisho wa wiki ijayo. Usipoleta, utalirudia somo hili mwakani."

Kitinda alitoka machozi yakimlengalenga. Alitamani kumweleza baba. Lakini angemwelezaje? Jambo la aibu halielezeki kwa kupaza sauti mpaka jirani asikie.

Kesho yake alikwenda maktaba. Alichagua meza ya mwisho kabisa, nyuma ya rafu. Alifungua kitabu, akakifunga. Akafungua kingine. Mkutubi, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimsogelea.

"Shikamoo, mama," alisema Kitinda.

"Marahaba, mwanangu. Naona vitabu vinakuchosha kabla hujavisoma. Unatafuta nini?"

"Matatizo ya wazee."

"Ohoo! Hayo utayasoma mpaka na wewe uzeeke." Mkutubi akavuta kiti. "Tuyapunguze. Ni tatizo gani linalokugusa?"

Kitinda aliinamisha kichwa. "Baba yangu hasikii vizuri. Tunaishi nyumba moja, lakini kila mmoja yuko peke yake."

Mkutubi hakutania tena. "Basi uliza hilo. Lifanye liwe swali."

Kitinda alifikiri, akaandika: *Familia izungumzeje na mzee ambaye masikio yake yamepungua nguvu?*

"Sasa una njia," alisema mkutubi. "Tafuta maneno makuu ya swali lako."

"Wazee. Masikio. Mazungumzo."

"Ongeza 'kusikia', ongeza 'uziwi'. Waandishi hawatumii neno moja."

Walikwenda kwenye kompyuta ya katalogi. Kitinda aliandika maneno yale, na orodha ya vitabu ikatokea. Kila kitabu kilikuwa na namba, na namba ile ile ilibandikwa kwenye mgongo wa kitabu rafuni. Mkutubi alimwonyesha pia majarida ya kitaalamu.

"Mama, nitavimaliza lini vyote hivi?"

"Nani kakuambia uvimalize? Anza na yaliyomo, hapa mbele. Kisha faharasa, huku nyuma. Soma kurasa zinazojibu swali lako."

Kitinda alimwonyesha ukurasa mmoja kwenye simu. "Na hii je? Wanasema kuna dawa inayomaliza uziwi kwa wiki moja."

"Nani kaandika?"

"Hakuna jina."

"Chini pale wanafanya nini?"

Kitinda akatazama. "Wanauza hiyo dawa."

"Basi umeshajijibu."

Mkutubi alimpa karatasi tupu. "Ukisoma jambo, andika hapa jina la mwandishi, kitabu, mwaka na ukurasa. Kisha funga kitabu, ueleze kwa maneno yako. Ukitaka maneno yake hasa, yatie alama za kunukuu. Kwa namna zote mbili, mtaje mwandishi."

Kitinda alisoma mchana kutwa. Alisoma kwamba kelele za kazini, zikiwa za miaka mingi, huharibu masikio. Alisoma kwamba kupiga kelele huvuruga maneno badala ya kuyafafanua. Halafu akafika kwenye sentensi iliyomfanya aweke kalamu chini: wazee wengi wasiosikia vizuri hukaa kimya kwa sababu wanaogopa kujibu visivyo.

Jioni hiyo alipofika nyumbani alizima redio. Alivuta kiti, akakaa mbele ya baba, uso wake ukielekea mwanga. Alimgusa mkono kwanza.

"Baba," alisema polepole, kwa sauti ya kawaida. "Chuoni nimepata shida. Nataka kukueleza."

Baba alimtazama midomo.

"Nieleze," baba alisema. Kisha akasogeza kiti chake karibu. "Nilidhani umeninunia, mwanangu. Siku zote unaongea huku umenipa mgongo, pale jikoni."

"Na mimi nilidhani umenichoka."

"Nikuchoke wewe? Nikikuchoka wewe, nitabaki na nani?"

Wakacheka, na Kitinda akafuta macho kwa upindo wa kanga.

Walikwenda pamoja kwa daktari wa masikio. Daktari alitoa nta iliyoziba, akampima. Alisema wazi kwamba sehemu iliyoharibiwa na kelele haitarudi. Alimwandikia kifaa cha kusaidia kusikia.

Kitinda aliandika insha, akaisoma kwa sauti mbele ya baba ili yeye mwenyewe asikie sentensi zisizokaa sawa. Alipofika kwenye maneno "wazee hukaa kimya kwa hofu", baba aliinua mkono.

"Si hofu tu. Ni aibu pia. Andika hivyo."

Kitinda alimuuliza mkutubi kama inaruhusiwa.

"Akikubali, mazungumzo nayo ni chanzo," alisema mkutubi. "Mtaje kama unavyowataja wengine."

Mwisho wa insha, kwenye marejeo, chini ya vitabu na majarida, Kitinda aliandika: *Mazungumzo na mchomeleaji vyuma mstaafu, baba wa mwandishi.* Mhadhiri alimpa alama nzuri, na pembeni ya mstari ule akaandika: "Chanzo bora."

Chuoni bado alikuwa Shangazi. Bado alikaa peke yake siku nyingi, ingawa msichana mmoja alimfuata maktaba akamuuliza namna ya kutumia katalogi, na wakakaa meza moja.

Jioni alipofungua mlango, baba alikuwa amekaa, kiti cha pili kikiwa kimeshawekwa mbele yake.

"Haya, kaa," alisema. "Leo umesoma nini?"